Kwenu Wameshapanda?

Ni Jumamosi jioni, joto la Dodoma la majira haya mnalijua wenyewe, na kesho makanisani tunaingia Dominika ya kwanza ya Majilio. Nina jambo moja la kuzungumza nanyi, na nitalisema mapema ili hata anayekaribia kushuka kwenye daladala asiondoke bila kulisikia. Kama wewe ni mtu wa kutoa chochote wakati wa Krismasi, hapa nyanda za kati kitoe sasa hivi. Ukingoja tarehe 25 utakuwa umechelewa. Nitaeleza kwa nini. Na ndugu zangu Waislamu msizime redio, maana jambo lenyewe lina mvua ndani yake, na mvua haimuulizi mtu dini.

Pita Majengo sokoni wiki hii. Upande mmoja kuna taa za kumetameta, miti ya plastiki na magauni ya watoto yaliyoning'inizwa mpaka yanagusa vichwa vya wapita njia. Hatua chache mbele yupo mzee na mipini yake ya majembe, na karibu naye mama amefungua viroba: mtama, kunde, njugu mawe, karanga za kupanda. Wote wamekuja sokoni kwa sababu moja, Desemba imefika. Ila macho ya mji yako upande wa taa. Sisemi taa ni dhambi, nyumbani kwangu zipo na watoto wanazipenda. Nasema tu kwamba macho ya mtu hutazama upande mmoja kwa wakati, na mwezi huu kila mwenye bidhaa anayapigania. Simu nayo imo. Ukiigusa kuna ofa ya sikukuu, kuna mchango wa harusi ya tarehe 27, kuna kundi la mliosoma nao linalopanga mnuso wa kufunga mwaka. Basi, nimemaliza habari ya simu. Mahubiri ya simu mmeshayasikia ya kutosha.

Tuone kwanza Kanisa lenyewe linatuambia tutazame wapi. Wengi tunadhani Majilio ni wiki nne za kumngojea mtoto Yesu horini. Kafungue kitabu cha masomo. Dominika ya kwanza, uwe mwaka A, B au C, Injili haina mtoto wala hori. Inahusu kukesha: mwenye nyumba asiyejua mwizi atakuja saa ngapi, watumishi walioachiwa nyumba na bwana wao akasafiri. Dominika ya pili na ya tatu anayesimamishwa mbele yetu ni Yohane Mbatizaji, mtu wa nyika, mla nzige na asali, ambaye watu wa Manyoni na Itigi wangemwelewa haraka kuliko watu wa Dar es Salaam. Watu walipomuuliza wafanye nini, jibu lake halikuwa na mafumbo: mwenye nguo mbili amgawie asiye na nguo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Bethlehemu inaanza kunukia tarehe 17 Desemba, siku nane za mwisho kabla ya sikukuu. Maana yake zaidi ya nusu ya Majilio imewekwa kwa ajili ya kuamka, kukagua nyumba na kutengeneza njia. Ndiyo maana padre anavaa zambarau, na Dominika hizo zote wimbo wa Utukufu hauimbwi.

Hapa nina ugomvi mdogo na kwaya zetu. Dodoma kwa kuimba nani atatuweza? Hii ni nchi ya marehemu Hukwe Zawose, aliyeuzungusha muziki wa Kigogo dunia nzima kabla ya kufariki mwaka 2003, na ni nchi ya akina mama wa ngoma ya muheme. Lakini kwaya ikishashona sare mpya haina subira tena. Desemba mosi tu, nyimbo za mchungaji na malaika zinatoka kwenye spika mpaka barabarani, na ikifika Krismasi yenyewe tumeshazichoka. Wanakwaya, nawapenda, lakini mnatuhamisha kabla hatujafika.

Na lile taji la Majilio, la matawi na mishumaa minne, lina historia yake. Mwaka 1839 kule Hamburg, Ujerumani, mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini. Watoto hawakuacha kumsumbua: Krismasi lini, Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku ukawashwa mmoja ili watoto waone wenyewe siku zinavyosogea. Kwa nchi yake ilikuwa busara kubwa. Hamburg Desemba jua linazama saa kumi jioni, ardhi imeganda, mkulima hana la kufanya nje, na mshumaa mmoja chumbani unavuta macho ya nyumba nzima. Sisi tulipokea taji, Desemba yao hatukuipokea. Desemba yetu jua la saa saba linakufanya ukunje uso, na mkulima ana kazi mwezi huu kuliko karibu mwezi mwingine wowote. Mtu anayetaka kuyaona Majilio ya huku kwetu Ugogo atoke nje, atazame udongo.

Mnajua wenyewe kwamba Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au wiki za mwanzo za Desemba, hukatika Aprili, na mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600, ikipenda. Bukoba wanapata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo kazi hutangulia mvua. Watu wanaberega, yaani wanafyeka na kukwangua shamba, wanakusanya takataka na kuzichoma, na wengine wanapanda kwenye vumbi kavu wakati wingu bado halijakaa. Kisha inashuka mvua ya kwanza. Jioni yake kumbikumbi wanatoka kwenye vichuguu, wanaizunguka taa, watoto wanawakimbilia na mabeseni ya maji. Sisi wa mjini tunapiga picha na kuandika kwamba hatimaye Dodoma imebarikiwa.

Kijijini mambo hayana haraka hivyo. Huko Bahi nilimwona mama mmoja asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Mbingu hakuzitazama hata mara moja. Alikwenda katikati ya shamba lake, akachimba kwa jembe shimo la kina cha kiganja na nusu, akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye ukuta wa shimo akitafuta pale unyevu unapoishia na vumbi linapoanzia. Akafukia. Akateremka upande wa bondeni, akachimba tena, akapapasa tena. Akakung'uta kanga, akarudi nyumbani bila kupanda hata punje. Nikamuuliza, mama, mbona mvua si imenyesha? Akanijibu kwamba ile imelowesha juu tu, mbegu ikiota leo itaungua wiki ijayo, na yeye mbegu ya kurudia hana. Mbegu ya kurudia hana. Hilo neno la mwisho alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Mimi naona kukesha ndiko huko. Na watoto wa kwetu wanakujua vizuri, maana mtama ukianza kujaza punje, kweleakwelea wanashuka makundi kwa makundi, na mtoto anapanda juu ya dungu na kombeo lake tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Kuamia ndege ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, kwa sababu hakuna kinachotokea muda mrefu, halafu ukisinzia kidogo unaamka kukuta mabua. Injili ya kesho ikisomwa, mkumbuke mtoto huyo.

Sasa niwapeleke Kongwa, ambako safari ya gari kutoka hapa haifiki saa mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatuma ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield, wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa karanga: zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na mwanzo uwe Kongwa. Mwaka 1947 mashine zikafika. Msimu wa kwanza walikusudia kupanda ekari 150,000, wakapanda kama 7,500. Mibuyu ilikataa kung'oka, mizizi ya vichaka ikavunja vyuma, na mvua ilipokatika udongo wa mfinyanzi ukashikana mpaka karanga zilizokuwa chini hazikuchimbika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeshakwenda.

Kinachoniuma katika habari ile siyo pauni. Ni kwamba Wagogo walikuwa pale pale, wakilima uwele na mtama, na walijua kwamba mvua ya Kongwa si ya kuwekea ahadi. Walijua pia udongo upi unashika maji na upi unadunda jembe. Wangeulizwa wangesema. Ila walioleta mpango walikuwa wameshaiona nchi kutoka angani, na ukiwa angani kila kitu kinaonekana tambarare.

Nisiwacheke Waingereza peke yao. Kila Desemba sisi nasi tunatengeneza Kongwa ndogo ndogo. Tarehe 23 au 24 msafara unatoka mjini, fulana zimechapishwa, bango limefungwa mbele ya gari, kuna mchele, mafuta, sukari na soda. Tunafika kijijini, wazee wanapangwa mstari, picha zinapigwa, tunarudi kabla giza halijaingia. Hakuna aliyeuliza kitu. Tungeuliza tungeambiwa kwamba shamba la nyuma ya ile nyumba, lile tuliloegeshea gari, halikupandwa mwaka huu.

Maana nyumba iliyoishiwa chakula hufanya mambo mawili. Kwa kaya nyingi vijijini kwetu, kuanzia Desemba mpaka Machi ndiyo miezi ya kubana. Mavuno ya Mei na Juni yameisha au yanaelekea kuisha, mapya bado hayajaota, na ndiyo miezi ambayo mwili unatakiwa uwe na nguvu shambani. Jambo la kwanza, nyumba inakula mbegu. Yale masuke yaliyochaguliwa moja moja wakati wa mavuno, yakatundikwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse, yanashushwa, yanapurwa, yanasagwa, yanakuwa ugali wa siku mbili kwa mlenda mkavu. Jambo la pili, wenye nyumba wanakwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya wengine ili wale leo, na shamba lao linangoja. Wakipata nafasi ya kurudi kwao, mvua imeshatembea wiki tatu. Ndivyo njaa ya mwaka unaofuata inavyoandaliwa, mwezi huu huu wa Desemba, kimya kimya, na hakuna kamera inayoipiga picha kwa sababu hakuna cha kupiga. Shamba tupu linafanana na shamba lililopumzishwa.

Tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, maporomoko ya tope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua zaidi ya watu 80. Siku zile nchi nzima ilijua itazame wapi. Makanisa, misikiti, maofisi na wanafunzi walichanga, magodoro na unga vikapelekwa, na lilikuwa jambo jema. Maafa makubwa hayahitaji msaada wangu kuvuta macho ya watu. Nyumba iliyokula mbegu yake haina tope mlangoni na haitangazwi kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Inabidi mtu aitafute.

Wazee wa Ugogo wanazijua njaa zao kwa majina, na iliyo kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Ukiisikia haraka haraka utasema ni mvua iligoma. Iligoma kweli. Lakini kabla yake yalipita majeshi. Wajerumani wakirudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na watu, Waingereza wakaingia nao wakachukua, na wanaume wakakokotwa kwenda upagazi kwenye vita isiyowahusu. Mashamba yakabaki bila mikono, vihenge bila akiba, na mvua ilipokosekana hapakuwa na cha kushikilia. Gregory Maddox, mwanahistoria aliyeitafiti njaa ile, ameandika kwamba iliua watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hili. Mmoja katika kila watano. Ndiyo maana napata shida na maombi ya mvua yanayoishia mawinguni. Tuiombe mvua, nami nitakuwepo, na ndugu zetu misikitini nao husali swala ya kuomba mvua inapochelewa. Lakini mtu akiinua macho juu muda wote hawezi kuona nani ameshika gunia na nani ameachiwa vumbi.

Haya, tupige hesabu. Ekari moja ya mtama inahitaji kama kilo nne za mbegu. Uwele unahitaji pungufu ya hapo. Kilo nne, msikilizaji. Mbegu zinazofaa nchi hii zipo, tena kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kipo mkoani kwetu na kazi yake ni hiyo hiyo ya mtama na uwele. Aina kama Macia na Hakika za mtama, na Okoa ya uwele, si ngeni kwa wakulima wetu. Macia hukomaa kwa miezi mitatu na nusu hivi, ndiyo inayopendwa na nchi yenye mvua fupi. Kilo nne zikiingia ardhini kwa wakati, mvua ikiwa ya wastani na ndege wakiamiwa, ni magunia ya chakula itakapofika Juni. Mchele wa tarehe 24 ni pilau ya siku mbili.

Utaniambia pilau nayo ni upendo, na mtoto wa maskini anastahili kula vizuri Krismasi. Anastahili kabisa, mpelekee. Naomba tu mfuko wa mbegu utangulie.

Na utaniambia, mimi sina shamba, sijui mtama unaotaje, nililetwa hapa na wizara. Nawajua wengi wa namna hiyo, na karibuni sana. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, mji huu umejaa watu waliotoka kila kona ya nchi. Wewe wa Kisasa, wa Ilazo, wa Iyumbu, wala huhitaji kufunga safari ya kijijini. Fungua mlango wa jikoni kwako. Dada anayekulelea mtoto ametoka wapi? Mara nyingi ni Chamwino, ni Mpwapwa, ni Chemba, ni Manyoni. Mlinzi anayelala getini kwako ana mke na watoto wapi? Yule kijana anayekuletea maji? Kwao wote wiki hii kuna shamba linalongoja ama mikono ama mbegu.

Na ndio mwezi tunaowanyima ruhusa. Nawasikia mabosi: Desemba kuna wageni, watoto wamefunga shule, tuna sherehe, dada hawezi kuondoka sasa, ataenda Januari tukisharudi. Tukisharudi kutoka wapi? Kutoka kwetu. Nenda stendi kuu ya Nanenane kuanzia tarehe 18 uone mabasi ya Moshi na Arusha. Nenda stesheni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya Dar es Salaam kuwa safari ya saa nne hivi. Wabunge walishaondoka kikao cha Novemba kilipokwisha. Mji unapungua watu, kila mtu amekwenda kumwona mama yake, na anayebaki kulinda nyumba na kumwagilia maua ni yule ambaye kwao ni nauli ya basi dogo na ana shamba la kupanda. Hilo mimi silielewi, na sidhani Yohane Mbatizaji angelielewa.

Mwajiri mmoja alinijibu kwamba akimruhusu dada yake wa kazi aende kupanda, hatarudi. Inawezekana. Wapo wasiorudi. Lakini wengi wasiorudi ni wale waliokatazwa mpaka wakaondoka kwa kutoroka usiku, baada ya kupigiwa simu kwamba kwao mvua imeshashuka na mama anaumwa mgongo. Mtu aliyepewa siku tano, nauli, na mshahara wa Desemba mkononi mapema, ana sababu ya kurudi. Na mshahara uwe mshahara, usije ukamwandikia kuwa ni mkopo.

Kwa wenye jumuiya ndogondogo na wenzetu wa vikundi vya Kianglikana na Kilutheri, najua wiki hii mnakutana, na ajenda nazijua: vitenge vya sare, mchango wa ng'ombe wa sikukuu, zamu ya kupamba kanisa. Wekeni nyingine mbele ya hizo zote. Nani kwenye mtaa wetu, au kwenye kigango chetu kule shamba, hajapanda, na anakosa nini? Msimwite mtu asimame mbele ya watu aseme yeye hana. Katibu na mama mmoja mwenye busara wapite nyumba kwa nyumba kama wanaosalimia, watajua. Na wakijua, wamuulize mwenyewe anataka mbegu gani. Usimpelekee mtu mahindi kwa sababu wewe unakula sembe. Mahindi yana heshima mjini, lakini kwa mvua zetu mara nyingi hunyauka yakiwa yameanza kutoa mbelewele, na mwenye shamba analijua hilo kuliko wewe na mimi. Akikuambia anataka uwele, mpe uwele. Akikuambia mbegu anayo ila hana mikono kwa sababu mgonjwa yuko ndani, basi vijana wa kwaya, wale wale wenye sare mpya, wana asubuhi moja ya kushika jembe. Na simu mziache nyumbani, hakuna picha.

Wakulima mnaonisikiliza, nanyi nina neno kwenu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, ufuatilieni, lakini chimbeni shimo kama yule mama wa Bahi. Mwenye mbegu ya ziada asiiuze yote kwa sababu bei ya Desemba ni nzuri. Bakiza debe moja la jirani. Ukitaka akulipe wakati wa mavuno, mkubaliane, hakuna ubaya, ila debe kwa debe, si debe kwa gunia.

Muda wangu umekwisha, naona fundi mitambo ananionyesha saa. Maduka ya pembejeo yanafunguliwa Jumatatu asubuhi. Mtama unaopandwa baada ya katikati ya Januari hapa kwetu mara nyingi hukutwa na kiangazi kabla haujajaza punje, kwa hiyo siku za kufanya jambo hili ni hizi za Majilio. Leo usiku, kabla hujalala, mwite dada wa kazi au mlinzi wako, mkae kitako, umuulize kwa upole: kwenu wameshapanda? Akisema bado, muulize wanakosa nini, na umsikilize mpaka mwisho. Usiku mwema.